Friji Lisiguswe

Nyumbani, 4 Februari

Kwako wifi yangu,

Pokea salamu za nyumba nzima, kuanzia mlango wa mbele mpaka kwenye kamba ya nguo. Sisi hatujambo. Goti la Mama limetulia tangu baridi ilipopungua, ingawa bado akitaka kuhurumiwa hulishika. Kaka yako anapaka rangi jengo jipya la ghorofa na kila jioni anarudi na rangi masikioni. Siku hizi ni ya maziwa. Binti yetu Kasuku anazidi kulistahili jina lake. Ndiye anayemsomea bibi yake barua zako, na neno asipolielewa hulitunga. Mimi cherehani inanilisha, namshukuru Mungu.

Naandika kwa sababu simu unajua kuikata nikianza maneno. Barua haikatwi.

Wifi, nimeamua nyumba hii iache kutapanya. Redio inasema kila siku, lakini si redio iliyonishawishi. Ni pale bomba lilipokauka, tukawa tunagombania maji ya kunawa uso, nikakumbuka yote tuliyoyaachia yaende mtaroni nikaona aibu. Basi sasa maji ya kusuuzia nguo yanamwagilia mchicha nyuma ya jiko, na mchicha umetoa majani ya kufunikia sufuria. Kaka yako, ambaye alikuwa akifungua bomba la bafuni anaimba wimbo mzima na kiitikio chake, sasa anaoga kwa ndoo. Wimbo umefupika na sauti imekuwa nzuri zaidi. Taa inazimwa na anayetoka mwisho chumbani. Vipande vya vitambaa ambavyo nilikuwa navichoma, majirani wakitoa machozi kwa moshi, sasa naviweka kwenye magunia mpaka nijue vitanifaa kwa kazi gani.

Limebaki friji lako.

Liko palepale kwenye kona ya sebule, linanguruma mchana kutwa. Ndani mna chupa moja ya maji. Hakuna kingine, wifi, nakuapia. Tunapika cha kutosha siku, mchicha tunauchuma na umande wake, hatulazi chakula. Umeme tunaoununua unaliwa na chupa hiyo, na hata hiyo hakuna anayeigusa, kwa sababu maji baridi yanamuuma Mama meno na sisi wengine tumezoea ya mtungi. Nilimwomba Mama tulizime. Akaniambia, "Hilo ni la mwanangu. Likinguruma najua yumo humu ndani." Kisha akashika goti.

Wewe ndiye uliyelinunua, neno lako atalisikia. Mwandikie mstari mmoja tu kwamba tulizime. Nakuomba kwa adabu yote niliyo nayo, na unajua si nyingi.

Ni mimi wifi yako, mwenye sindano.


Kazini, chumba cha kufulia, 29 Machi

Wifi yangu mwenye sindano, na ulimi wa aina hiyohiyo,

Nisamehe kuchelewa. Hoteli ilijaa watu wa mkutano, na watu wa mkutano wanachafua mashuka utadhani wanalimia ndani yake. Mimi ni mzima kabisa. Msalimie Mama, mwambie goti nalijua tangu nikiwa mdogo na halinidanganyi. Mwambie kaka asiache kuimba. Kasuku mwambie shangazi yake anamtaka asome kilichoandikwa na si kingine.

Umenifurahisha na habari za maji. Hapa nimewaambia miaka nenda rudi kwamba maji ya suuzo la mwisho ni safi kuliko maji ya kunywa ya watu wengi, nao wanayamwaga. Sasa sikiliza mtaalamu. Kwanza, maji hayo kabla hujayapeleka kwenye mchicha, yalowekee nguo chafu za kaka yako. Mchicha utayapata baadaye, na sabuni itie kwa mkono wa birika, ukizidisha utauua. Pili, nguo ukiitoa ikung'ute kwa nguvu kabla ya kuianika, nusu ya kazi ya pasi imekwisha. Tatu, usiwashe pasi kwa ajili ya shati moja. Subiri nguo zijae. Anza na nyepesi pasi ikiwa bado inapata moto, ingia kwenye nzito ikishakolea, kisha chomoa waya na umalizie vitambaa vya mkono kwa moto uliobaki. Hapo utakuwa umefua na kupiga pasi kama mimi, au karibu na mimi.

Friji lisiguswe.

Usikunje uso, soma mpaka mwisho. Nilipoondoka hapo nilikuwa na begi moja, na mtaa mzima ulisema nitarudi kabla sijalifungua. Mshahara wangu wa kwanza wote niliununulia hilo friji. Mama aliwaita majirani waje wanywe maji baridi, na waliosema nitarudi walikuja wakanywa. Sasa chumba changu analala Kasuku, na nimeridhia kwa moyo mweupe. Kikombe changu kilivunjika. Kitanda changu mlimpa yule binamu aliyeoa. Nilichobakiwa nacho katika nyumba hiyo ni friji, wifi. Likizimwa, niambie siku nikija nitasema changu kiko wapi.

Habari za huku ni njema. Hoteli imeleta mashine mpya, zinafua, zinakausha na kukunja, na meneja anazizunguka kama bwana harusi. Mimi hazinitishi. Mashine haijui kusoma doa.

Wako, dobi mkuu.


Nyumbani, 17 Juni

Kwa dobi mkuu, wifi yangu mpenzi,

Salamu zetu zikukute unakunja mashuka. Sisi wazima. Kasuku amefaulu mtihani wa nusu mwaka na sasa anatusahihisha hata salamu. Kaka yako amemaliza lile jengo, wamempa la jirani yake, na rangi ya masikioni imekuwa kijani.

Mafunzo yako nimeyashika yote. Kukung'uta nguo nimekung'uta mpaka mabega yamepata habari. Pasi naiwasha siku moja katika juma, na zile dakika za moto uliobaki nimeona zinatosha hata mashati mepesi ya shule. Maji yanapita kwenye nguo za kaka yako kwanza, kisha yanakwenda bustanini, na mchicha haujalalamika. Tumeongeza bilinganya. Chini ya bati la nyuma tumeweka pipa, na mvua ya juzi ilikuwa ndogo lakini ilituachia maji ya kudekia. Jirani wa upande wa kulia alikuja kucheka pipa, akakaa, akauliza tulilipata wapi. Kuku wake amechagua ndoo yetu ya zamani kuatamia humo, na nimemwachia kwa sababu mbolea yake nzuri.

Nimeshona mito kutokana na vile vipande vya vitambaa. Inapendeza. Nitakueleza siku nyingine.

Mama anakusalimu sana. Ameniambia niandike kama asemavyo, na ameketi hapa ananitazama mkono, kwa hiyo naandika. Anasema: mwanangu, mimi mzima, ninakula, ninalala, ila nyumba imekuwa kimya siku hizi.

Basi kwa leo yatosha. Mteja yuko mlangoni.

Wifi yako.


Huku nilipo, 2 Agosti

Wifi,

Salamu kwenu wote. Mimi sijambo, kazi zinaendelea.

Barua yako niliisoma mara mbili. Umenitajia bilinganya. Umenitajia pipa, na jirani, na kuku wa jirani na mahali anapoatamia. Friji hukulitaja. Tangu lini wewe ukawa na jambo linalokukera usilitaje? Halafu Mama, anayeishi na Kasuku na cherehani na kaka anayeimba bafuni, ananiambia nyumba ni kimya. Kimya cha nini?

Kama umelizima sema umelizima. Mimi si mtu wa kuzungushwa.

Wako.


Nyumbani, 20 Agosti

Kwako wifi yangu,

Nakusalimu kwanza, maana hata ukikasirika wewe ni ndugu yangu. Mama mzima, kaka yako mzima, Kasuku ana mafua madogo ambayo hayajagusa mdomo.

Sikulizima. Lilikufa lenyewe. Ilikuwa mwezi wa tano, mchana, ninakata gauni mezani. Likatetemeka, likanyamaza. Mama alikuwa nje kwenye bilinganya na aliingia kabla sijainua kichwa. Alilisikia kutoka huko nje, wifi. Akaliwekea mkono mgongoni kama anayempima mtoto homa, akasimama hivyo muda mrefu, wala hakushika goti. Hapo ndipo nilipoogopa.

Fundi wa mafriji alikuja. Akasema mota imeungua, na kwamba mpira wa mlango ulikuwa umepasuka siku nyingi, kwa hiyo miaka yote hiyo lilikuwa likijitahidi kuipoza sebule. Kutengeneza alisema atatengeneza, lakini litarudi kula umeme uleule. Akatokea kijana wa vyuma chakavu na mkokoteni wake. Sijui nani alimwambia. Mama akalikalia. Simaanishi alikaa karibu nalo. Tulikuwa tumelilaza tulisogeze, naye akalipanda akaketi juu yake mpaka mkokoteni ukaondoka. Sikukuandikia kwa sababu sikujua nikuandikie nini, na kwa sababu nilikuwa nimekuomba lizimwe, ungesema nimeliloga.

Sasa sikiliza yaliyofuata, uache kununa.

Kulitazama limelala chali na mlango juu, niliona kitu ambacho ningekiona mapema kama hasira zisingenifumba macho. Friji ni sanduku lenye kuta nene zisizopitisha joto. Linazuia joto lisiingie. Nikajiuliza, kwani likiwekewa joto ndani, si litalizuia lisitoke? Nikamwita tena fundi. Akaitoa gesi kwa vifaa vyake, akasema haiachiwi ovyo hewani, akang'oa mota, na nikamwambia ang'oe komeo la mlango pia, mtoto asije akajifungia. Nikashona ule mpira kwa utepe wa kitambaa kinene. Magunia yangu ya vipande yakawa mito, nikaitandika ndani pande zote, katikati nikaacha nafasi ya sufuria.

Nikachemsha maharage yaliyolowekwa. Yalipochemka vizuri, yakatokota kidogo, nikazima jiko, nikaliingiza sufuria na mfuniko wake katikati ya mito, nikafunga mlango. Kaka yako alisema tutakula mawe. Adhuhuri nilipofungua, mvuke ulimpiga Mama usoni, kwa sababu alikuwa ameinama kuliko sisi wote. Maharage yamelainika hata ya kumpa mtu asiye na meno. Mama alicheka, wifi, kile kicheko chake cha zamani, akawaita majirani. Akawaambia, "Njooni muone. Friji la mwanangu linapika."

Siku hizi wali, maharage, supu, vyote vinamalizikia humo. Gesi ya kupikia iliyokuwa ikituishia njiani sasa inavuka mwezi na kubaki. Friji lako liko jikoni, limepakwa rangi ya kijani na kaka yako, na halijaguswa na mtu wa vyuma chakavu wala halitaguswa.

Hayo ni ya kwangu. Sasa ya kwako.

Mama hunusa barua zako kabla Kasuku hajazifungua. Unajua hilo? Huwa zinanukia ile sabuni ya hoteli. Hii ya mwisho aliinusa, akanipa na mimi ninuse. Ilinukia moshi wa mkaa. Akasema, "Hii si sabuni yao." Nami nimeona kwamba ulizoea kuandika juu "Kazini, chumba cha kufulia," na sasa umeandika "Huku nilipo." Uko wapi? Mtu asiyependa kuzungushwa asizungushe wenzake.

Wifi yako, anayekupenda kwa ukali.


Huku nilipo, 11 Oktoba

Wifi yangu,

Nimekaa na barua yako siku nyingi, nikiisoma na kuiweka. Nisalimie wote. Mwambie Mama pua yake haijazeeka.

Kile kisa cha friji nilikisoma nikiwa nafua. Nilicheka mpaka povu likanikaukia mikononi, kisha nikalia kidogo, kisha nikamaliza kufua, maana nguo hazikuwa zangu. Nakupongeza bila kinyongo. Nililinunua lipoze, nawe umelifundisha kupika. Sidhani kuna mtu mwingine angelipandisha cheo hivyo baada ya kufa.

Haya, ukweli. Zile mashine zilishinda. Meneja alituita wote wa chumba cha kufulia, akatushukuru kwa maneno mazuri sana, na mtu akikushukuru kwa maneno mazuri sana jua umekwisha. Ilikuwa siku chache baada ya kukuandikia kwamba hazinitishi. Barua zenu bado nazichukua posta, na sijalala njaa, ondoa hofu. Nina nyumba kadhaa ninazozifulia, ninafua kwa mkono, na ninapigia watu pasi kwa pasi ya mkaa, ndio huo moshi mliounusa. Wateja wangu nimewafundisha kukinga maji ya suuzo na mmoja wao, mwenye bustani, ananiita profesa. Kazi yangu ni ileile, ila sasa sina meneja wa kumwaga maji mazuri mbele yangu. Mikono yangu haijapungua chochote.

Lakini kurudi ni jambo lingine. Kila nilipokuja hapo niliingia na kitu mkononi, na mtaa mzima ukanijua kwa kitu hicho. Nimekuwa nikiweka akiba ya friji jipya, dogo, la kisasa, lisilokula umeme. Nilisema nikilipata ndipo nitapanda gari. Nilifikiri la zamani linaningurumia huko, linanishikia nafasi, basi nina muda. Sasa sina linalonguruma. Siwezi kuingia mlango huo na begi lilelile nililotoka nalo. Nikija hivyo, wifi, nitakuwa nimekuja kama nani?

Usimsomee Mama sehemu hii. Na Kasuku asiione.

Wako.


Nyumbani, 3 Novemba

Kwako wifi yangu, dobi mkuu na profesa,

Salamu za wote, nao wote wako hapa wamenizunguka, kwa sababu sehemu uliyosema asisomewe Mama ilisomwa na Kasuku kwa sauti kabla sijafika na sindano mdomoni. Nilimpigia kelele nikiwa nimechelewa. Nisamehe, au usinisamehe, Mama ameshasikia.

Kwanza, usinunue friji. Litawekewa nini? Ile chupa? Hiyo chupa sasa ina mbegu za bilinganya. Akiba yako itunze kwa jambo la maana, na kama huna jambo la maana nitakutafutia, kwa sababu huku nina shida inayokuhusu. Wateja wangu siku hizi wananiletea nguo za kugeuzwa badala ya kununua mpya: magauni ya mama zao, makoti ya babu zao, mapazia yawe sketi. Kazi imekuwa nyingi kuliko mikono. Nguo za zamani zina madoa ya zamani, na mimi madoa siyajui. Wiki iliyopita nimeliharibu gauni jeupe la mtu kwa kulitia maji ya moto pasipotakiwa. Hapa naandika mwenyewe kwa mkono wangu: ninamhitaji mtu anayejua kusoma doa. Sikuiti uje kula, nakuita uje kazini. Beseni liko, pipa la mvua limejaa, kamba ya nguo imenyooka.

Pili, chumba. Kasuku amesogeza godoro lake mpaka ukutani bila kuambiwa. Amesema shangazi yake akija atakuwa na mtu wa kuzungumza naye. Nilitaka kukuonya juu ya hilo, nimekuonya.

Tatu ni la Mama. Uliuliza ukija na begi lilelile utakuwa umekuja kama nani. Kasuku alipofika hapo alinyamaza, mara ya kwanza tangu azaliwe. Mama akasema hivi, naandika kama alivyosema: "Mwambie mimi sikuzaa friji."

Kisha akainuka akaenda jikoni, goti na yote, akanipa amri ambayo tangu siku hiyo tunaifuata. Kila asubuhi tunaingiza masufuria mawili kwenye friji lako, kubwa na dogo. Jioni kubwa linatoka, tunakula. Dogo linabaki ndani ya mito, limefungwa, halifunguliwi na yeyote. Ni lako. Mama anasema magari ya kutoka huko hayana saa, na mtu akitoka safari hastahili kungojeshwa jiko lichochewe upya.

Usipofika, asubuhi linachemshwa tena na kaka yako analila kabla ya kwenda kazini, kwa kuwa hapa hakitupwi kitu. Ameanza kunenepa, wifi. Suruali zake zote nimezitanua, na vitambaa vimeniishia kwenye mito. Njoo ule chakula chako.

Ni mimi wifi yako, na hawa wote waliosimama nyuma yangu.